Niliongeza ripita, mbona taarifa zinazidi kupotea?

"Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi na pia katibu wa kamati ya maji ya mtaa wetu huku Goba, Dar es Salaam. Tuna visima vinne na matangi 30 yaliyotawanyika kutoka Goba hadi upande wa Salasala, na katikati kuna mabonde. Kila tangi lina kihisi cha kupima kina cha maji, kinachotuma taarifa kwa LoRa (redio ya umbali mrefu inayotumia umeme kidogo) kila baada ya dakika 5 kwenye getiwei moja, yaani kipokezi kikuu, iliyo juu ya paa la ofisi. Kwa ajili ya mabonde niliweka ripita mbili za kupokea taarifa na kuzirudia hewani, zikasaidia. Nikaongeza mpaka zikawa 6, na vifaa vyote nikaviweka SF12 (mpangilio wa taratibu kabisa, unaofika mbali zaidi) na nguvu ya mwisho ili kisipotee kitu. Tangu hapo zaidi ya nusu ya taarifa hazifiki, hata za matangi ya jirani na ofisi. Jingine: umeme ukikatika na kurudi, vile vihisi vinne vinavyotumia umeme wa pampu za visima vinapotea siku nzima au zaidi, mara nyingine kinaonekana kimoja tu, halafu vinarudi vyenyewe. Karibu yetu umesimikwa mnara wa simu, nahisi ndio unaotuingilia. Je, niongeze ripita, ninunue zenye nguvu zaidi, au nibadilishe mfumo mzima?"

Marahaba, ndugu yangu. Umefanya vizuri kueleza kwa kina, maana hiyo habari ya umeme kukatika ndiyo iliyonifungua macho zaidi. Hofu yako ni kwamba mawimbi hayana nguvu ya kuvuka mabonde, na kwamba mnara mpya umekuja kuyamaliza kabisa. Ndiyo maana unawaza kuongeza ripita au kununua kubwa zaidi. Usifanye hata kimoja kwa sasa, na fedha ya kamati ibaki benki. Mtandao wako haujapungukiwa nguvu. Umejaa, na zilizoujaza ni ripita zako mwenyewe.

Tuanzie kwenye hiyo SF12, kwa sababu ndiyo mzizi. LoRa hutuma kila alama kama wimbi linalopanda masafa taratibu ndani ya upana wa kHz 125, na kipimo cha SF ndicho kinachoamua liende taratibu kiasi gani. Kwa SF7 alama moja huchukua milisekunde 1. Kwa SF12 huchukua karibu milisekunde 33. Faida ya kwenda taratibu ni kwamba mpokeaji wa SF12 anaweza kuitambua ishara iliyozama desibeli 20 chini ya kelele, wakati SF7 mwisho wake ni desibeli 7.5. Gharama yake haionekani kwenye skrini, nayo ni muda ambao pakiti, yaani taarifa moja inayotumwa, inakaa hewani. Pakiti ya baiti 20 kwa SF7 inamaliza kazi yake ndani ya milisekunde 57. Pakiti hiyohiyo kwa SF12 inashikilia chaneli kwa sekunde 1.3, yaani mara 23 zaidi.

Sasa zidisha kwa matangi yako. Vihisi 30, kila kimoja sekunde 1.3 kila baada ya dakika 5, ni kama sekunde 40 katika kila sekunde 300. Tayari 13% ya chaneli imeshikwa kabla ripita haijafungua mdomo. Vifaa vyako vinatuma bila kuulizana, kila kimoja kwa saa yake. Utaratibu huo ni wa zamani, ulianza na mtandao wa redio wa Chuo Kikuu cha Hawaii uliowashwa mwaka 1971, na hesabu yake inajulikana: chaneli ikiwa na mzigo wa 13%, takriban pakiti 77 katika kila 100 zinapita bila kugongana na nyingine. Hapo bado unaweza kuishi.

Leta ripita 6. Tuseme kila moja inasikia nusu ya matangi, na inarudia kila inachosikia. Maana yake kila taarifa inatoka mara moja kwenye kihisi na mara tatu kwenye ripita. Mzigo unafika 53% ya chaneli, na kwa hesabu ileile zinazopita salama zinashuka hadi karibu 35 katika kila 100. Linganisha na ulichokiandika, kwamba zaidi ya nusu hazifiki. Na hapo nimekadiria kwamba ripita hazirudii maneno ya ripita nyingine. Kama programu uliyoweka haikumbuki ni pakiti zipi imeshazirudia, basi ripita A inarudia ya B, B inarudia ya A, na chaneli inazibwa kabisa.

Utaniuliza, nakala nne si nafasi nne za kufika? Zingekuwa nne kama zingetawanyika. Lakini ripita zako tatu zimeisikia pakiti ikiisha sekunde ileile, na zote zinaanza kuirudia sekunde ileile. Zinagongana kwa mpangilio kabisa. LoRa ina huruma kidogo hapo: ishara moja ikiizidi nyingine kwa takriban desibeli 6, yenye nguvu inasomeka na dhaifu inafutika. Zikikaribiana nguvu, zinaharibika zote. Kisha kumbuka kwamba redio ya ripita ikiwa inatuma, haisikii. Kwa zile sekunde 1.3 ni kiziwi, na tangi lolote la bondeni linalotuma wakati huo linazungumza na ukuta.

Hii pia inaeleza kwa nini hata matangi ya jirani na ofisi yanapotea. Ripita umeziweka vilimani, zinaiona getiwei ana kwa ana. Tangi la jirani lina antena chini ya mfuniko, pembeni ya maji na mabati ya nyumba. Kwenye getiwei, ripita ya kilomita mbili inaweza kusikika kwa nguvu kuliko tangi la mita mia moja. Ukaribu wa ramani hausaidii kitu hapo.

Na sasa ile ya umeme, ambayo nilisema ndiyo ufunguo. Umeme ukirudi, vihisi vinne vya visimani vinaamka pamoja. Vyote vina programu moja, vyote vinatuma mara tu vinapoamka, kisha kila baada ya dakika 5. Kwa hiyo vinatuma kwa wakati mmoja na kugongana, raundi baada ya raundi. Kinachokuja kuviachanisha ni saa zao za ndani tu, ambazo haziendi sawasawa kabisa. Tofauti ya kawaida kati ya saa mbili za namna hiyo ni kama sehemu 10 katika milioni, yaani milisekunde 3 kwa kila dakika 5. Ili viachane kwa sekunde 1.3 nzima zinahitajika raundi kama 440, nazo ni saa 36 na zaidi. Ndiyo ile siku nzima uliyoiona, halafu "vinarudi vyenyewe". Na kile kimoja kinachoonekana pekee yake ndicho chenye ishara kubwa kuwazidi wenzake. Hakuna kifaa kilichoharibika. Kabla hujagusa kitu kingine chochote, weka kwenye programu ya vihisi vyote kusubiri kwa bahati nasibu: baada ya kuwaka, kisubiri muda wowote kati ya sekunde 0 na 300 kabla ya kutuma mara ya kwanza, na kila raundi iongezewe au ipunguziwe sekunde kadhaa ambazo hazitabiriki. Ni mistari michache ya programu, haigharimu shilingi, na kwa mji ambao umeme unakatika na kurudi ni jambo la lazima.

Kuna imani chache ambazo nakutana nazo kila mahali, na wewe umezigusa, kwa hiyo tuziweke sawa.

Nguvu kubwa haiondoi mwingiliano kati ya vifaa vyako, inautanua. Ripita inayosikika mpaka bonde la pili inaziziba ripita za bonde la pili. Ungeongeza nguvu kwa zote, uwiano kati yao unabaki vilevile na migongano inabaki vilevile. Kinachoongezeka ni eneo la vurugu, na betri inaisha mapema.

Ile namba ya utambulisho wa mtandao unayoweza kubadilisha kwenye mipangilio nayo haikutenganishi na wengine. Inamwambia mpokeaji aipuuze pakiti ya mtu mwingine. Mawimbi yenyewe yako hewani palepale, yanagonga yako kama kawaida.

Vipi kuhusu kuipa kila ripita SF yake? Hilo lina ukweli ndani yake. Pakiti za SF tofauti kwenye chaneli moja zinaweza kusomeka kwa pamoja, lakini si kwa tofauti yoyote ya nguvu. Kwa wastani, ishara ya SF nyingine ikikuzidi kwa desibeli 16 hivi, inakuzima hata kama SF hazifanani. Kwenye vilima vya Goba, ambako ripita moja iko jirani na tangi na nyingine iko ng'ambo, tofauti ya desibeli 16 ni jambo la kila siku. Kwa hiyo itumie SF kama msaada, usiifanye ukuta.

Mnara wa simu sasa. Kama vifaa vyako ni vya 868 MHz, mnara hautumii masafa hayo. Kwenye bendi ya 900, simu zinatuma kati ya 880 na 915, na mnara unajibu kati ya 925 na 960. Kwenye bendi ya 800 ya 4G, simu zinatuma kati ya 832 na 862, mnara unatuma kati ya 791 na 821. Wewe uko katikati. Lakini mnara ulio karibu sana unaweza kuielemea sehemu ya kwanza ya kupokelea ya getiwei hata kwa masafa ya pembeni, hasa kama umefunga kikuza ishara cha bei rahisi kwenye antena. Kwa hiyo sikukatalii moja kwa moja. Lipo jaribio la kumaliza ubishi: chukua kumbukumbu za getiwei, angalia SNR (uwiano wa ishara na kelele, kwa desibeli) ya tangi lilelile kabla mnara haujawashwa na baada ya kuwashwa. Ikiwa ilishuka kwa matangi yote kuanzia siku ileile, mnara una hatia, na dawa yake ni kichujio kinachopitisha 868 MHz tu, kati ya antena na getiwei. Ikiwa SNR iko palepale na pakiti tu ndizo zimepungua, usiupotezee muda.

Kanuni hiyo ishike kwa mtandao mzima. Kila pakiti ina namba yake ya mfululizo. Namba zikiruka, ujue ngapi zimepotea. Tangi ambalo pakiti zake chache zinazofika zina SNR nzuri, ila namba zinaruka ovyo, linagongwa. Tangi ambalo zinazofika ziko ukingoni kabisa, karibu na kikomo cha SF yake, ndilo dhaifu kweli. Haya ni magonjwa mawili na dawa zake zinapingana: dhaifu unaweza kulipandishia SF, linalogongwa unatakiwa kulishushia.

Kwa hiyo, ukishaweka kule kusubiri kwa bahati nasibu, zima ripita zote 6 kwa saa 24. Najua inauma, kamati watapiga simu, lakini waeleze. Iache getiwei isikilize yenyewe. Nategemea utashangaa ni matangi mangapi yanafika bila msaada. Mahali ambapo mbele ni peupe, hasara ya mawimbi ya 868 MHz kwa kilomita 10 ni kama desibeli 111. Kifaa kinachotuma kwa milliwati 25, yaani dBm 14 (kipimo cha nguvu ya ishara), kinafika huko kikiwa na dBm −97, na SF7 inaweza kusoma hadi karibu −123. Umbali wa Goba na Salasala haukuhitaji SF12 hata siku moja. Kinachokula ishara ni kilima, miembe, mabati na maji.

Matokeo yakija, gawa matangi yako. Chukua mfano wa tangi linalosikika moja kwa moja kwa SNR ya −2. SF9 inaishia −12.5, kwa hiyo lina akiba ya desibeli 10 na nusu. Liweke SF9 usitazame nyuma. Akiba ya desibeli 10 hivi inatosha kuvumilia mvua ya masika na majani yaliyolowa. Lenye SNR ya 5 liweke SF7. Fanya hivyo kwa moja baada ya jingine. Kwa SF9 pakiti yako inashuka kutoka sekunde 1.3 hadi milisekunde 185. Halafu jiulize kama kweli tangi la lita 10,000 linahitaji kuripoti kila dakika 5. Mimi ningeweka dakika 15, na nyongeza moja: kina kikibadilika kwa sentimita 5 ghafla, kitume papo hapo, maana hiyo inaweza kuwa bomba limepasuka. Matangi yote 30 yakiwa SF9 kwa dakika 15, mzigo wa chaneli unakuwa chini ya 1%, na zaidi ya pakiti 98 katika kila 100 zinapita. Hujanunua kitu bado.

Kwa matangi dhaifu, gusa antena kabla ya kuwaza ripita. Itoe chini ya mfuniko, ipande nusu mita juu ya tangi, isimame wima, iwe mbali na bomba la chuma. Upande wa getiwei, angalia waya unaotoka kwenye antena. Kama ni RG58 (waya mwembamba wa antena) wa mita 10, unakula karibu desibeli 5, zaidi ya theluthi mbili za nguvu yako zinaishia kwenye waya, na desibeli 5 ndizo zinazotenganisha SF12 na SF10. Tumia waya mnene, au ipandishe getiwei yenyewe juu karibu na antena ndani ya boksi lisilopitisha maji. Na urefu wa nguzo si anasa. Kwa njia ya kilomita 4, mawimbi ya 868 MHz yanahitaji nafasi ya kama mita 11 iliyo wazi kuzunguka mstari wa kuonana, pale katikati ya safari. Ukiiona antena ya pili kwa macho kwa kuchungulia juu tu ya paa la jirani, bado hujafaulu. Viungio vya nje vifunge kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, kwa sababu hewa yetu ya pwani ina chumvi na kutu huingia kimyakimya.

Ukimaliza hayo, yatabaki matangi machache ya bondeni ambayo hayafiki kabisa. Kwa hayo una njia tatu, na nitakwambia ninayoipenda.

Ya kwanza, ambayo ndiyo chaguo langu, ni getiwei ya pili upande wa Salasala, yenye laini yake ya simu. Ripita inaongeza masikio na mdomo kwa pamoja. Getiwei inaongeza masikio peke yake. Haitumi tena hewani ilichosikia, inakipeleka kwa intaneti. Pakiti iliyogongwa kwenye getiwei ya kwanza inaweza kuwa imefika salama kwenye ya pili, kwa sababu kule uwiano wa nguvu ni mwingine. Tena getiwei ya kweli inasikiliza chaneli 8 na SF zote kwa wakati mmoja. Hukuniambia yako ni ya aina gani. Kama ni bodi ndogo yenye chipu ya SX1276 au SX1262, hiyo inasikiliza chaneli moja na SF moja tu kwa wakati, na hapo fedha ya kwanza kabisa iende kwenye getiwei kamili, la sivyo ule mpangilio wa SF tofauti hautafanya kazi. Ubaya wa njia hii ni bando la kila mwezi, umeme wa uhakika, na mwenye nyumba wa kukuruhusu kupanda paani.

Ya pili ni kubaki na ripita moja au mbili, lakini zenye adabu. Mfano mzuri wa adabu hiyo ni utaratibu wa ripita uliotolewa mwaka 2022 na LoRa Alliance, jumuiya inayosimamia viwango vya teknolojia hii. Unaruhusu ripita moja tu kati ya kifaa na getiwei, na ripita ina orodha ya vifaa inavyovihudumia, visivyozidi 16. Kisichomo kwenye orodha hairudii. Hata kama huendi kwenye mfumo huo rasmi, iga kanuni zake. Andika kwenye ripita namba za matangi yake manne au matano, basi. Ikumbuke namba za pakiti ilizokwisha kurudia. Isikilize kwenye chaneli moja, kwa mfano 868.1, na irudie kwenye nyingine, 868.5, ili vihisi na ripita visikanyagane. Ila usidanganyike kwamba ukifunga redio mbili ndani ya boksi moja, moja itasikia vizuri huku nyingine inatuma. Zilivyo karibu hivyo, inayotuma itaiziba mwenzake hata kwa chaneli tofauti.

Kama ripita mbili zinasikia tangi moja, zisubiri muda wa bahati nasibu kabla ya kurudia. Hapa mafundi wengi wanakosea kwa jambo dogo. Wanaweka kusubiri hadi milisekunde 100 na wanadhani wamemaliza. Pakiti ya sekunde 1.3 haijali milisekunde 100, zitagongana tu. Muda wa kusubiri upimwe kwa urefu wa pakiti: kama pakiti ni milisekunde 185, tawanya kusubiri kati ya sifuri na sekunde 2. Na kabla ya kutuma, ripita ipime kama chaneli ina mtu. Chipu za LoRa zina uwezo huo. SX1262 inatambua pakiti hata ikiwa katikati, SX1276 imetengenezwa kutambua utangulizi wa pakiti tu, kwa hiyo usiiamini sana. Mifumo ya kupokezana kama Meshtastic inaenda hatua moja mbele: kifaa kikisikia mwenzake ameshairudia pakiti, kinanyamaza, na vya mbali ndivyo hupewa nafasi ya kwanza kwa sababu vinaipeleka taarifa mbali zaidi. Mara ambazo taarifa inaruhusiwa kurudiwa hivyo njiani kwa kawaida ni 3. Kwa mtandao wako mimi ningeweka 1.

Kuna mtego mmoja ambao kusikiliza kwanza hakuuondoi. Ripita iliyo upande huu wa kilima na ile ya upande wa pili hazisikiani, lakini getiwei inazisikia zote. Kila moja itapima, itaona kimya, itatuma, na zitagongana mbele ya getiwei. Kwa jozi kama hiyo tenganisha chaneli, usitegemee adabu.

Njia ya tatu ni kwa tangi moja au mawili sugu: weka kifaa chenye laini ya simu na uachane na LoRa hapo. Wapo wanaoona ni kushindwa. Mimi naona bando dogo la tangi moja ni nafuu kuliko ripita inayosumbua matangi 29.

Umeuliza pia kuhusu kubadilisha mfumo mzima. Hapana, haujafika huko. Kuna wanaopanga kila kihisi kiwe na sekunde zake maalumu za kutuma, na migongano inaisha kabisa, lakini saa ya kawaida inayokosea sehemu 20 katika milioni inapotea sekunde 1.7 kwa siku, hivyo inabidi getiwei izirekebishe saa zote kila mara. Kwa matangi 30 yanayotuma kila dakika 15, ni kazi isiyo na malipo.

Mambo matatu usiyamalize mwenyewe. Masafa na nguvu unayoruhusiwa kutumia, na uhalali wa vifaa vyenyewe, ni kauli ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Ofisi zao ziko Mawasiliano Towers, Barabara ya Sam Nujoma, nenda na karatasi za vifaa vyako. Ulaya, kwa kulinganisha, kifaa cha 868.0 hadi 868.6 MHz kina kikomo cha kukaa hewani 1% ya muda. Ripita yako inayosikia matangi 15 kwa mpangilio wa sasa inakaa 6.6%, kwa hiyo hata kama hakuna anayekulalamikia, kuna mtu unamsumbua. Kama ile hesabu ya SNR itaonyesha kelele kutoka nje, iwe mnara au kingine, hapo pia ni TCRA, au mhandisi mwenye kifaa cha kupima masafa aje alipo getiwei. Waulize wahandisi wa chuo cha TEHAMA cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Kijitonyama, au Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT).

La pili ni kupanda. Nguzo ya mita 6 juu ya mnara wa tangi inahitaji fundi mwenye mkanda, nyaya za kuifunga, na waya wa ardhini kwa ajili ya radi.

La tatu ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, ingawa hukuliuliza. Kama pampu za visima zinawashwa na kuzimwa kwa kutegemea taarifa hizi, simamisha utaratibu huo leo. Mtandao unaopoteza nusu ya taarifa utaiacha pampu ikivuta kisima kikavu, au tangi likimwagika usiku kucha. Mwite fundi umeme aweke swichi ya boya kwenye tangi na kinga ya kukauka kwenye pampu, zifanye kazi zenyewe bila redio yoyote. LoRa ibaki ya kukuonyesha hali tu. Kisha zima ripita zako kwa hizo saa 24, na ukiandika tena, nitumie kwa kila tangi namba za pakiti zilizofika, SNR, na aina ya getiwei uliyonayo.